Ubao wa Wapangaji

Nyumbani,
Jumapili, 2 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, nami nimeamua kukwambia wewe kwa kuwa ukikasirika utakuwa mbali. Siku gari la hospitali lilipokuchukua nililia mbele za watu, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini lilipopotea kwenye kona, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Ulikuwa umenikabidhi lango la maji. Nilitembea kutoka barabarani hadi kijitoni nimenyoosha mgongo kama mtu aliyepewa cheo, nikasahau kwa muda kwamba nimekipata kwa sababu wewe unaumwa koo. Tangu siku hiyo furaha ile inanisumbua. Ndiyo hiyo, nimeisema.

Sasa habari za kazi. Mbao tatu ziko langoni kama ulivyoziacha, na maji yanapanda yanaingia kwenye mfereji wa mashamba. Ubao wa nne bado uko hapa nje, umelala juu ya matofali chini ya dirisha, tunaukalia. Jana shangazi aliniuliza kwa nini ubao mzuri hivyo umekaa bila kazi. Nikamweleza kama unavyonielezaga: ukipachikwa na huo wa nne, hakuna tone linalovuka, maji yote yanakwenda mashambani na kijito chini ya lango kinakauka. Ukiwa nje, maji yanayozidi yanaruka juu ya ule wa tatu, yanashuka mpaka kwenye kidimbwi cha darajani, na wapangaji wanapata kuhema.

"Wapangaji gani?" akauliza.

Nikamwambia samaki.

"Wanalipa kodi?"

Nikasema hawajawahi kulipa, ndiyo maana baba anasema ni wapangaji kamili. Alicheka mpaka akajikuta ameketi kwenye ubao wenyewe.

Kila asubuhi kabla ya shule nazoa majani yaliyokwama langoni. Mwenyekiti wa kamati ya maji hupita na jembe lake. Juzi alisema, "Mwambie baba yako miche yangu ya nyanya inamsalimia. Inamsalimia kwa kuinamisha vichwa." Kisha akautazama ubao wetu kwa muda mrefu. Nilikuwa na jibu zuri, nikalimeza. Unajua nilivyo. Hata darasani sasa wananiita Redio, jina la utani ulilonipa limenifuata mpaka huko, na mwalimu akiniuliza swali wanasema betri zimeisha.

Shangazi anataka tutumie simu yake. Nimemwambia wewe daktari amekukataza kusema, na mimi nikishikishwa simu nakauka, kwa hiyo tutabaki tunasikilizana tunavyohema. Dereva wa gari la maziwa amekubali kubeba barua. Hospitali iko njiani kwake.

Ugua pole, Baba.

Binti yako,
Redio

•

Wodini,
Jumapili, 9 Agosti

Mwanangu Redio,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka jirani yangu akaomba zamu, akidhani ni gazeti.

Ile furaha iache ipite. Mimi nilikabidhiwa lango babu yako alipovunjika nyonga. Nilikwenda kijitoni nikirukaruka, na yeye alikuwa ananiona dirishani. Aliniambia baadaye kwamba ndiyo dawa pekee iliyomfaa siku ile.

Huyo jirani ni fundi cherehani. Amelazwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta. Alianguka kwenye ngazi akitundika pazia la mteja. Anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Mimi naandika ninachotaka kwenye vipande vya maboksi ya dawa, yeye anawasomea wauguzi, na mara nyingi anasoma ambacho sikuandika. Jana niliandika "maji". Akamwambia muuguzi, "Mwenzangu anasema uji wenu ungefaa kubandikia matangazo." Nikaletewa maji na nikanuniwa siku nzima.

Mwenyekiti usimjibu vibaya, hata moyoni. Si mtu mbaya. Kamati ilibishana misimu mingi kabla ya kukubali ule ubao ukae nje wakati wa kiangazi, na mkono wa mwisho kuinuka ulikuwa wake. Anaiona miche yake ikikauka. Samaki hawaoni, wako chini ya maji. Nataka uelewe jambo moja: katika maisha yangu nimesema mengi, nilipokuwa na sauti, lakini lililosikilizwa ni hilo la ubao. Ubao huo ukiingia langoni siku moja tu, hautatoka tena. Watu wakishaonja maji yote hawarudi kwenye nusu. Na wapangaji wetu hawana pa kuhamia.

Kwa hiyo wewe zoa majani tu. Zile mbao tatu usiziguse mpaka mvua.

Hapa kuna bomba linalodondosha maji bafuni. Nikifumba macho najidanganya kwamba ni lango letu, lakini halifanani. Ninachokosa zaidi ni ule mvumo wa mvua ya kwanza, ninapokwambia utoe mbao, unazitoa, kijito kinaamka na wewe unapiga makofi. Ningeusikia tena mara moja ningetulia.

Daktari anasema huenda Jumamosi ya tarehe 22 akaniruhusu nije nilale nyumbani, halafu nirudi kwa matibabu mengine. Nimesema huenda. Fundi ameanza kunipunguzia kola ya shati; anasema shingo yangu inacheza humo ndani kama mwiko kwenye sufuria tupu.

Baba yako,
mwenye nyumba asiyelipwa kodi

•

Nyumbani,
Jumamosi, 15 Agosti

Baba,

Shikamoo. Jumamosi ijayo unakuja. Nimeisema sentensi hii kwa sauti nikiwa peke yangu ghalani, ili niisikie.

Shangazi amefua mapazia. Kitanda chako tumekisogeza karibu na dirisha la kijitoni, na nimekwangua kutu kwenye bawaba ili dirisha lifunguke lote. Dereva wa maziwa anasema atakuweka mbele, si nyuma na makopo.

Nina zawadi yako. Sitaiandika hapa kwa sababu fundi atasoma. (Shikamoo, fundi.) Nakwambia hili tu: utaisikia kabla hujaiona nyumba.

Mvua bado. Wapangaji wamejibana chini ya mwamba wa darajani, wote wameelekeza vichwa maji yanakotoka. Nimewaambia unakuja.

Binti yako,
Redio

•

Wodini,
Jumamosi, 22 Agosti

Redio mwanangu,

Barua hii inakuja badala yangu. Dereva anapiga honi, kwa hiyo ni fupi.

Asubuhi walinipima wakakuta joto limepanda kidogo, daktari akakataa. Ni kidogo tu. Nilikuwa nimeshavaa shati na fundi amenifunga vifungo. Kola imenikaa vizuri sana.

Najua uko darajani. Usisimame juani. Zawadi itunze, nitaisikia siku nyingine.

Nisamehe.

Baba

•

Nyumbani,
Jumapili, 30 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa homa. Huku sisi sote wazima. Wapangaji hawajambo, wanaogelea vizuri. Shule inaendelea vizuri. Mvua bado. Ile zawadi haikuwa kitu kikubwa, usiifikirie.

Shangazi anakusalimu. Samahani barua ni fupi, tuna mitihani.

Binti yako,
Redio

•

Wodini,
Jumapili, 6 Septemba

Kwa Redio,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Ni mimi, fundi. Mikono ya baba yako inatetemeka kwa sababu ya dawa, basi anaandika neno mojamoja kwenye boksi na mimi naliunganisha, kazi niliyoizoea. Yanayofuata ni yake. Yangu nitayatia kwenye mabano ili usinilaumu.

Mwanangu, nimefurahi kupata barua yako. Mitihani iende salama. Naomba unieleze habari za wapangaji kwa kirefu. Siku hizi wanakaa upande gani wa kidimbwi, kwenye kivuli cha daraja au kwenye mawe? Maji yanawafika wapi? Na ubao, bado mnaukalia jioni?

(Anauliza habari za samaki kuliko za binadamu. Mimi mguu wangu wameufungua, umetoka mwembamba kama fimbo ya mwalimu, na hajauandikia hata neno.)

Shangazi yako asibebe ndoo mbili kwa wakati mmoja, mgongo wake naujua. Wewe ule. Ukiwa na neno lolote, hata dogo, hata baya, niandikie. Mimi ni baba yako, si mwalimu wa zamu.

(Aliandika "hata baya" akalipigia mstari chini. Mstari sijui kuushona, basi nakwambia tu kwamba upo.)

Baba yako,
kwa mkono wa fundi

•

Nyumbani,
Jumapili, 13 Septemba

Kwa fundi,

Shikamoo. Karatasi hii ni yako peke yako. Nakuomba usimsomee baba. Nikimaliza kuandika huenda nikaichana, kwa hiyo ukiipata ujue nilishindwa kuichana.

Baba aliandika kwamba angesikia mvumo wa kijito mara moja angetulia. Sikuliona neno "huenda". Nililisoma, lakini sikuliona. Ijumaa ile, siku moja kabla ya ile tuliyomtarajia, nilitoka shule nikaenda langoni, nikatoa mbao zote tatu. Aliniambia nisiziguse. Nilijua. Nilifikiri, ni siku mbili, nitazirudisha Jumapili jioni akishaondoka, nani atadhurika kwa siku mbili za maji mengi?

Kijito kiliamka, fundi. Kilivuma mpaka shangazi akatoka jikoni kutazama mawingu. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamejaa yakapanda kwenye bonde la majani, lile lililo kando ya kijito chini ya lango, ambalo kiangazi chote huwa kavu. Na samaki walipanda nayo. Sijawahi kuona wengi hivyo. Wekundu mapezini, wamejaa matumbo, wanapita kwenye nyasi migongo ikiwa nje ya maji. Nilidhani wanafurahi. Nilidhani wanamfurahia baba. Mimi nasoma vitabu sana lakini huo ndio ujinga niliokuwa nao, nilisimama darajani nikipunga mkono.

Gari la maziwa likaja. Dereva alishuka na barua.

Nilikwenda kwenye kitanda cha baba, kile cha dirishani, nikafunga dirisha kwa sababu sikutaka kuusikia ule mvumo. Nikalala hapo Jumapili nzima. Langoni sikwenda.

Wakulima walikuwa wamekuta mfereji mkavu. Jumapili walikwenda wakazipachika mbao zote tatu kwa mkupuo mmoja, kwa hasira, na ni haki yao. Maji yakatoka bondeni kama shuka lililovutwa. Mimi nilikuwa nimelala.

Jumatatu nikienda shule niliona ndege weupe wengi juu ya nyasi, nikaenda kuangalia. Fundi, walikuwa wamelala bondeni kote, kwenye kila shimo la kwato. Matumbo bado yamejaa. Hawakuwahi kutaga. Wengine walikuwa wanafungua na kufunga mdomo. Niliwabeba kwa sketi mpaka kidimbwini, nikarudi, nikabeba, lakini waliotulia hawakuamka.

Nilikwenda shule nikiwa nimelowa. Mwalimu akauliza, sikujibu, na darasa likasema betri zimeisha.

Hakuna aliyejua ni mimi. Walisema ni watoto wanaooga kule, wakawachapa. Wawili ni wa mwenyekiti. Mmoja hukaa nyuma yangu darasani, na alikuwa anakalia upande mmoja kwa maumivu.

Halafu kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuja hapa jioni akasimama mlangoni, akavua kofia kwa heshima ya baba. Alimwambia shangazi, "Walipata maji yote siku mbili, tukakosa sisi, na bado wamekufa. Basi hawa samaki hawana haja na maji yetu." Alikuja kuchukua ubao. Shangazi alikuwa ameukalia akichambua mboga. Aliinuka akampisha. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu.

Sasa ubao wa nne uko langoni. Chini ya dirisha yamebaki matofali. Kidimbwi cha darajani kinashuka kila siku. Chini ya mwamba wamebaki wachache, nawaona migongo.

Baba alisema hilo ndilo lililosikilizwa katika maisha yake. Nimwambieje?

Redio

•

Wodini,
Jumapili, 20 Septemba

Binti yangu,

Marahaba. Sikumsomea. Hakukuwa na haja. Anajua.

Dereva wa maziwa alimwambia wiki ileile. Alikuja kumwona na chupa ya maziwa, akasema daraja linanuka na ndege wamejaa bondeni. Baba yako akaandika kwenye boksi: "Ubao?" Dereva akasema wameupachika. Tangu hapo alijua yote, isipokuwa kama utamwambia. Mimi aliniapisha nikae kimya. Kunifanya mimi nikae kimya ni upasuaji, mwanangu, lakini nilivumilia.

Nilipomwambia kwamba umeniandikia mimi, hakuuliza umeandika nini. Aliomba maboksi. Imemchukua siku nzima. Nakunakilia kama yalivyo, kwa sababu mwandiko wake sasa hata mimi naukisia.

"Redio. Kosa ni letu wawili na kubwa ni langu. Kila mwaka nilikuita wakati wa kufungua kwa sababu kulikuwa kunakufurahisha. Kufunga nilifunga mwenyewe, wewe ukiwa shule. Hujawahi kuniona nikifunga.

"Maji yakijaa, wapangaji wanajua mvua imekuja. Hawana kalenda nyingine. Wanapanda kwenye majani kutaga. Ukifunga, tia ubao mmoja tu, ulale. Kesho mwingine. Keshokutwa mwingine. Wapate kushuka na maji. Na kila ukitia ubao, pita bondeni na ndoo, polepole, uwachukue waliochelewa. Ndiyo ile ndoo ya bluu msumarini uliyokuwa ukiniuliza ni ya nini. Nilikwambia ya chokaa.

"Kazi ya shangwe nilikupa, ya huzuni nikakuficha. Nilidhani nakutunza.

"Walio chini ya mwamba ni wazee, huwa hawapandi wote. Hao wakipata maji watazaa. Kamati inaamini samaki walikufa maji yakiwepo. Aliye na habari kamili ni mmoja. Sikulazimishi. Najua kusimama mbele za watu kwako ni nini, maana nimekuwa bubu sasa na nimeonja.

"Zawadi niliisikia. Dereva anasema Jumamosi ile alisikia kijito kinavuma akiwa bado mbali, akazima injini asikilize. Namwomba anisimulie kila akija. Jana amenisimulia tena."

Hapo maboksi yaliisha. Niliuliza kama nimtilie neno la mwisho, akatikisa kichwa.

Mimi nimeruhusiwa kuondoka, lakini nimewaambia mguu bado unauma. Usimwambie mtu.

Fundi

•

Nyumbani,
Jumapili, 25 Oktoba

Kwa fundi,

Shikamoo. Asante kwa kuja naye mpaka nyumbani ndani ya gari lile, na mguu wako huo. Siku ile sikuweza kukwambia neno. Ulinishika kichwa ukasema, "Redio ya baba yake," nami nikatikisa kichwa tu. Asante kwa shati. Niliona umefunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho yeye hakukifungaga. Kola ilimkaa vizuri, kama alivyoandika.

Barua yake niliipata kwa dereva Jumatatu, na simu ya shangazi ililia Jumatano, kutoka hospitali. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili za kumjibu, na sikumjibu. Nilikuwa natafuta maneno mazuri. Nilianza karatasi tatu. Ningeandika "nimepata barua" tu, ingetosha. Hilo nalo nimelisema.

Nakueleza nilichofanya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesoma yale maboksi.

Kamati hukutana kwenye ghala la mbolea, watu wamekalia magunia. Nilikwenda nikiwa nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yangu nzito. Mwenyekiti aliponiona alisema, "Mwanangu, keti, tunajua una msiba." Nikabaki nimesimama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, atakuwa ametumwa na shangazi yake."

Nikasema, "Mbao nilizitoa mimi."

Ilikuwa sauti ndogo, ikabidi niiseme tena. Nikawaeleza yote: kwamba baba alikuwa aje, kwamba nilitaka asikie maji, kwamba samaki walipanda wakidhani ni mvua, kwamba zilipopachikwa zote kwa pamoja waliachwa bondeni. Nikasema hawakufa kwa sababu hawana haja na maji. Walikufa kwa sababu waliyaamini.

Mwenyekiti alikuwa anatazama mikono yake.

"Miche yangu nusu ilikwenda siku zile mbili," akasema.

"Najua, mzee."

"Na wanangu niliwachapa. Waliapa mpaka sauti zikakauka, na mimi nikaendelea."

"Najua. Mmoja hukaa nyuma yangu darasani."

"Sasa wewe mtoto unataka nini?"

Nikasema, "Ubao."

Alisema niende nyumbani. Nikaenda. Kwao nilipita kwanza, nikawaomba wale watoto msamaha. Mdogo alinisamehe hapohapo na kuniomba peremende. Mkubwa alifunga mlango, na mpaka leo hajanisemesha.

Asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta ubao wa nne umelala juu ya matofali chini ya dirisha, umelowa, na nyayo za viatu vya mpira zinaondoka. Shangazi aliongea naye baadaye njiani. Alimwambia ni mpaka mvua kubwa, kisha kamati itaongea upya. Sijui itaongea nini. Nitakwenda tena kusikiliza, na nikiulizwa nitajibu.

Wiki iliyopita ilinyesha siku mbili, mvua ya kupita tu. Nilitoa mbao. Sikupiga makofi. Kijito kilivuma na shangazi akaingia ndani kulia, mimi nikabaki langoni. Wachache walipanda bondeni, niliwaona wanapita kwenye nyasi, si kama wale wa Agosti. Mvua ilipokatika nilitia ubao mmoja. Mwenyekiti alikuwa amesimama na jembe kwenye mdomo wa mfereji wake mkavu.

"Leo wa ngapi?" akauliza.

"Wa kwanza."

"Mh," akasema, akaenda zake.

Nilichukua ndoo ya bluu msumarini. Ndani yake kweli hakuna chokaa, sijui kwa nini sikuwahi kuchungulia. Nikapita bondeni polepole. Hakukuwa na kitu. Siku ya pili nilitia wa pili nikapita tena, nikakuta mifupa ya Agosti tu, nikairuka. Leo asubuhi nilitia wa tatu. Maji yalishuka taratibu, nyasi zikainuka moja moja. Kwenye shimo la kwato karibu na mwisho wa bonde alikuwepo mmoja, urefu wa kiganja changu, ubavu mmoja uko hewani. Tumbo lake lilikuwa jembamba. Alikuwa ameshataga.

Nilimtia ndoo na maji yake, nikambeba mpaka darajani, nikainamisha ndoo chini ya mwamba. Alisimama kidogo kwenye kivuli changu, kisha akaenda.

Nilitaka kumwandikia baba. Nimekuandikia wewe.

Baada ya hapo nilirudi, nikaosha ndoo, nikaitundika kwenye msumari wake. Nikaketi kwenye ubao, upande wangu, mpaka shangazi akaniita ndani.

Redio